Mpigapicha wa Ndutu na Majirani Wasioonekana

Tarehe 2 Juni 2002 alifariki dunia mjini Dar es Salaam Hugo van Lawick, mpigapicha na mtayarishaji wa filamu, akiwa na umri wa miaka 65. Alizikwa Ndutu, pembezoni mwa nyanda za Serengeti, mahali alipopiga mahema yake na kuishi kwa miongo mitatu. Jina lake halikuwa likitajwa sana katika magazeti yetu, wala sidhani kama lilipata kujadiliwa katika baraza lolote la sanaa upande huu wa bahari. Hata hivyo mamilioni ya watu wa Ulaya na Marekani ambao hawakupata kukanyaga Tanganyika wala Unguja walimjua fisi wetu, chui wetu na mbwa mwitu wetu kupitia jicho lake, tena wakiwa wamekaa sebuleni na watoto wao magotini.

Sikusudii kuandika tanzia. Tanzia zake ziliandikwa zamani, kwa lugha nyingine, na nyingi zilikuwa nzuri. Nakusudia kuitazama kazi yake kama sisi tulivyozoea kuitazama diwani ya mshairi: nini kimeingia ndani ya beti, nini kimeachwa nje, na hicho kilichoachwa nje kilikuwa na uzito gani. Kwani mpigapicha naye ana mizani yake. Fremu ni kipimo kisichokubali kila kitu, na mwenye kuishika kamera huamua kila dakika nini kikatwe.

Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1937 huko Surabaya, bandari ya kisiwa cha Java, katika nchi ambayo siku hizo ilikuwa koloni la Waholanzi na sasa ni Indonesia. Msomaji wa visiwani ataona kwamba hiyo ni bahari moja na hii tunayoamka nayo kila alfajiri, ila yeye alizaliwa kwenye ukingo wa pili. Babake alikuwa rubani, akafa kwa ajali ya ndege mwaka 1941. Vita vilipofika Java mama aliwachukua wanawe akakimbilia Australia, kisha Uingereza, na baada ya vita wakarejea Uholanzi. Mtoto huyo alikuwa na cheo cha ukoo, kile Wazungu wakiitacho baroni, lakini cheo hakikumpa mali ya kujivunia. Alichokipenda ni wanyama na kamera, na alitafuta njia ya kuviunganisha viwili hivyo.

Njia ilipatikana Nairobi, karibu mwaka 1960, alipoajiriwa na Armand na Michaela Denis. Hawa walikuwa mume na mke, yeye Mbelgiji na mkewe Mwingereza, waliojipatia umaarufu mkubwa katika televisheni ya BBC kwa vipindi vya safari na wanyama. Kwao van Lawick alijifunza jambo ambalo halifundishwi na lenzi: kwamba kuna biashara nzima, yenye kanuni zake, ya kutengeneza picha za kutazamwa na familia nzima kwa pamoja. Kipindi cha namna hiyo hakina budi kumfurahisha mtoto bila ya kumchosha babu, na kumfundisha babu bila ya kumtisha mtoto. Mauti yaonekane, lakini yasikae mbele ya macho kwa muda mrefu. Kwa lugha yetu tungesema ni utungo unaoweza kusomwa mbele ya wakwe. Wako wanaoidharau kazi kama hiyo na kuiona nyepesi. Mimi ninayetunga najua kwamba utungo wa kusomwa mbele ya wakwe ndio mgumu kuliko wote, maana huruhusiwi kujificha nyuma ya matusi wala nyuma ya mafumbo.

Kabla hatujamfuata Serengeti, inafaa kuwataja waliomtangulia, kwa sababu walimwachia si mandhari tu bali pia mtindo wa kuitazama. Bernhard Grzimek alikuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt na mtangazaji wa televisheni ya Ujerumani, ambaye kipindi chake kilianza mwaka 1956 na kudumu zaidi ya miaka thelathini. Mwanawe Michael ndiye aliyekuwa mpigapicha na mshirika wake katika filamu. Baba na mwana walikuja Serengeti na ndege ndogo yenye milia kama ya punda milia, wakawahesabu wanyama kutoka angani, na mwaka 1958 wakapata nyumbu 99,481. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai ikaanguka, Michael akafa akiwa na umri wa miaka 24. Baba aliimaliza filamu peke yake, akaiita kwa Kijerumani Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti haina ruhusa ya kufa, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Michael alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, na Bernhard alipofariki mwaka 1987 majivu yake yaliletwa kuzikwa kando ya mwanawe. Filamu hiyo ilijengwa juu ya msiba wa nyumba moja, na ndiyo maana ina nguvu hadi leo. Lakini pia iliweka msingi wa wazo ambalo halijaondoka: kwamba Serengeti ni ardhi ya wanyama peke yao, na kwamba mwanadamu mwenyeji, pale anapoonekana, ni hatari inayokaribia.

Van Lawick hakuanzia Serengeti. Mwanazuoni Louis Leakey, aliyekuwa akifukua mifupa ya kale huko Olduvai, alimpendekeza kwa National Geographic ya Marekani, na mwaka 1962, akiwa kijana wa miaka 25, akapelekwa Gombe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kwenda kumpiga picha msichana wa Kiingereza aliyekuwa akiwachunguza sokwe. Msichana huyo ni Jane Goodall. Miaka miwili nyuma Jane alikuwa ameshuhudia sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa, na wakubwa wengi wa elimu walikuwa wakitikisa vichwa. Picha za van Lawick ndizo zilizowanyamazisha. Mtu anaweza kubishana na daftari la msichana asiye na shahada. Ni vigumu zaidi kubishana na mkanda unaomwonyesha sokwe akiuchuma mti, akiupukutisha majani, akauingiza tunduni na kuutoa na mchwa wake.

Wawili hao walioana London mwezi Machi 1964. Mwaka uliofuata, Desemba 1965, filamu yao Miss Goodall and the Wild Chimpanzees ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani, sauti ya masimulizi ikiwa ya Orson Welles. Hapo jina la Jane likapanda na halikushuka tena hadi alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025. Jina la aliyeishika kamera lilibaki chini, katika herufi ndogo za mwisho, na hii ni kawaida ya kazi hiyo. Yako majina mengine ambayo hata herufi ndogo hayakupata wakati huo: vijana wa Kigoma waliopanda vilima vya Gombe kila siku wakiwafuata sokwe. Hilali Matama ni mmoja wao, na wenye kuisoma historia ya Gombe wanamjua, kwani ndiye aliyeshuhudia mwaka 1974 shambulio la kwanza katika vita vya sokwe dhidi ya sokwe wenzao. Hawa walikuwa wasemaji wa Kiswahili. Nimetazama picha nyingi za miaka hiyo nikitafuta sura zao, na kazi hiyo inahitaji subira.

Baada ya ndoa, van Lawick na mkewe walianza kwenda Ngorongoro na Serengeti. Mwaka 1966 walimwona tumbusi akiokota jiwe kwa mdomo na kulirusha juu ya yai la mbuni hadi likapasuka, wakayachapisha waliyoyaona katika jarida la Nature, na ndege huyo ambaye tulimzoea kumtaja kwa uchafu wake akaingia katika orodha fupi ya viumbe watumiao zana. Mwaka 1970 wakatoa kitabu juu ya fisi, bweha na mbwa mwitu, wakakiita Innocent Killers. Jina hilo limenipa taabu kila nilipojaribu kulitia katika Kiswahili. Ukisema ‘Wauaji Wasio na Hatia’ umeleta mahakama. Ukisema ‘Wauaji Wasio na Dhambi’ umeleta msikiti au kanisa. Kiingereza kimeibeba maana zote mbili kwa neno moja na kuongeza ya tatu, ile ya utoto usiojua ubaya. Nikifikiri zaidi naona shida si ya msamiati tu. Sisi tumelelewa na hadithi ambamo fisi ni mlafi na mjinga, anayepanda njia mbili kwa wakati mmoja mpaka akapasuka msamba. Kitabu hicho kinamwonyesha fisi kuwa mwindaji hodari na mama mwenye kulea kwa muda mrefu. Kumtafsiri fisi huyo ni kumwondoa kwenye ngano zetu, na huenda mtafsiri hana idhini ya kufanya hivyo peke yake.

Nataka nikae kidogo kwenye mbwa mwitu, kwa sababu hapo ndipo nilipomwelewa van Lawick. Alikuwa akilifuata kundi moja ambalo jike mmoja mkubwa aliwaua watoto wa jike wa daraja la chini, mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki mmoja tu. Akampa mtoto huyo jina la Solo. Kanuni ya kazi yao ilikuwa wazi, nayo ni kwamba mpigapicha haingilii. Anayeonekana na kamera aachwe afe au aishi kama alivyoandikiwa. Kundi lilipohama na mtoto yule akabaki nyuma, hawezi kuwafikia wenzake, van Lawick aliivunja kanuni. Alimwokoa, na baadaye akampeleka kwa kundi jingine lililompokea. Aliyaandika yote katika kitabu alichokiita kwa jina la mbwa huyo, hakuyaficha. Wataalamu wengine walimlaumu. Mimi simlaumu, ila naona kwamba siku ile alikiri kwa vitendo kwamba aliye nje ya fremu yupo, anaona, na mkono wake unafika ndani. Nitairudia hoja hii hapo mbele.

Mwaka 1974 ndoa yake na Jane ilivunjika. Jane alibaki na Gombe, yeye akabaki na Ndutu. Kambi yake ilikuwa ya mahema chini ya migunga, karibu na ziwa dogo la magadi, mahali ambapo kati ya Januari na Machi nyumbu huja kwa malaki kuzaa. Hapo alijenga maisha yake: gari lililofungwa kamera, mkanda wa milimita 16, sigara nyingi (nazo ndizo zilizomharibu mapafu), na kungoja. Kungoja ndiko hasa kulikokuwa kazi. Chui hulala mchana kutwa juu ya mti, na mpigapicha hana budi kuwa chini ya mti huo mchana kutwa, maana dakika mbili atakazoteremka ndizo zitakazouzika. Wanaopiga bao barazani husema mchezaji mzuri hujulikana kwa namna anavyongoja zamu. Kwa kipimo hicho mtu huyu alikuwa bingwa.

Kutokana na kungoja huko zilitoka filamu nyingi za televisheni, na tanzia zilimhesabia tuzo nane za Emmy. Filamu ya sokwe wa Gombe ya mwaka 1988, People of the Forest, ilitumia picha za miaka ishirini kusimulia habari za ukoo mmoja: mama mzee aitwaye Flo, bintiye Fifi, na mwanawe Flint, ambaye alikufa wiki chache tu baada ya mama mtu kufa mwaka 1972. Ni filamu ya familia kwa maana mbili, imetengenezwa kwa ajili ya familia na inahusu familia, nami sijui mtazamaji aliyeweza kuitazama sehemu ya Flint bila ya kunyamaza. Mwaka 1996 ilikuja The Leopard Son, hadithi ya chui mchanga anayelelewa na mama yake mpaka kujitegemea. Hiyo haikuwa ya televisheni bali ya majumba ya sinema, ilipigwa kwa mkanda mpana wa milimita 35, muziki ukitungwa na Stewart Copeland na masimulizi yakisomwa na John Gielgud, mwigizaji wa jukwaa aliyekuwa na miaka 92. Kambini kwake walipita vijana waliojifunza kazi, miongoni mwao Matthew Aeberhard, ambaye baadaye alishiriki kuiongoza filamu ya Disney ya mwaka 2008 juu ya heroe wa Ziwa Natron.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya mwisho, Serengeti Symphony ya mwaka 1998. Haina masimulizi. Wanyama wanapita, mvua inanyesha, nyasi zinakauka, na kinachosikika ni muziki na sauti za nyikani. Mwenye kutengeneza vipindi vya televisheni kwa karibu miaka arobaini, akizoea kila picha kuambatana na sentensi ya kuifafanua, mwishoni aliyaacha maneno. Mwaka huohuo afya ilimwondoa Ndutu.

Basi tugeuke sasa tutazame kilichoachwa nje.

Iko kata iitwayo Kalemela, katika wilaya ya Busega, kaskazini-magharibi mwa mkoa wa Simiyu. Mkoa huo wenye makao yake Bariadi uliundwa mwaka 2012. Katika uhai wa van Lawick sehemu hizo za Busega zilihesabiwa katika Magu, mkoa wa Mwanza. Busega inalala baina ya Ghuba ya Speke, mkono wa Ziwa Viktoria, na ule ulimi mrefu wa hifadhi ya Serengeti unaonyoosha kuelekea magharibi hadi kufika kiasi cha kilomita 8 kutoka ziwani. Wahifadhi wanauita ulimi huo ushoroba wa magharibi. Nilifurahi kulikuta neno hilo huko, maana sisi twalijua kutoka kwenye nyumba na mitaa yetu: ni njia nyembamba ipitayo baina ya kuta za watu wawili, na anayepita humo hulazimika kujua kwamba kila upande kuna mtu anayeishi. Nyumbu waliozaliwa mbele ya mahema ya Ndutu mwezi wa Februari huwa, ifikapo Mei na Juni, wengi wao wameingia ushoroba huo. Kwa hiyo waigizaji wa van Lawick kila mwaka walikuwa wakipita jirani na Busega. Wakaao humo ni Wasukuma zaidi, wakulima wa pamba, mahindi na mpunga, wafugaji wa ng'ombe, na wavuvi kwa walio ufukoni. Katika filamu zile nilizoziona hawamo. Kamera iliyopigwa Ndutu ilielekea kwenye uwanda, na uwanda ule hauna nyumba.

Mtu atasema: mpigapicha wa wanyama ana haki ya kupiga wanyama, kama mtunga wa mapenzi asivyolaumiwa kwa kutotaja bei ya unga. Ningekubali, lau kama majirani hao wangekuwa hawana sehemu katika kisa. Lakini wanayo, na ndiyo sehemu kubwa.

Chukua kwanza wingi wa nyumbu, ambao ndio utukufu wa kila filamu ya Serengeti. Kuanzia mwaka 1890 hivi ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukitokea kaskazini, ukaangamiza sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe, na pamoja nao nyati na nyumbu. Njaa iliyofuata iliwaua watu wengi. Kwa zaidi ya miaka sitini ugonjwa huo haukuondoka. Kila mwaka ndama wa nyumbu walikufa kwa wingi, na wengi waliamini kwamba wanyama pori ndio ghala la ugonjwa. Kisha, katika miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ng'ombe wa wafugaji walioizunguka Serengeti walichanjwa. Sotoka ikatoweka kwa ng'ombe, na bila ya nyumbu hata mmoja kuchomwa sindano, ikatoweka pia kwa nyumbu. Ikabainika kwamba ugonjwa ulikuwa ukitoka zizini kwenda mwituni, wala si kinyume chake. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kiasi cha 260,000. Mwaka 1977 walipita milioni 1.3. Walipoongezeka nyumbu waliongezeka na simba na fisi, nyasi zilizoliwa zikapunguza mioto, na miti ikachipua mahali ilipokuwa haioti.

Tazama basi tarehe hizo. Van Lawick alifika Serengeti katikati ya miaka ya 1960 na kupiga picha zake kubwa katika miongo iliyofuata. Bahari ya wanyama aliyoionyesha dunia kama nyika ya asili isiyoguswa na mkono wa mtu ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, matokeo ya mkono wa mtu: daktari wa mifugo mwenye sindano, na mfugaji aliyekubali kumleta ng'ombe wake joshoni. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani kote mwaka 2011, na filamu nzuri ya tukio hilo, ya kutazamwa na familia nzima, sijaiona.

Upande wa pili wa jambo hili si wa fahari. Mbwa mwitu wale, ukoo wa Solo, walipungua mwaka hadi mwaka, na mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakichunguzwa katika nyanda za Serengeti yalikwisha kabisa. Wataalamu walibishana vikali juu ya sababu, lakini kichaa cha mbwa kilitajwa miongoni mwa za kwanza. Miaka mitatu baadaye, 1994, ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia kwa simba na kuua takriban theluthi moja, yaani kiasi cha 1,000 kati ya 3,000. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, nao ni wengi zaidi upande wa magharibi, kwa wakulima. Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kuwachanja mbwa wa vijijini, mwaka hadi mwaka, na tangu mwaka 2012 mbwa mwitu wamekuwa wakirejeshwa hifadhini kutoka Loliondo. Mara mbili basi katika maisha ya mpigapicha mmoja, uhai na mauti ya viumbe aliokuwa akiwapiga viliamuliwa nje ya fremu yake: mara moja katika zizi la ng'ombe, mara nyingine kwenye kibaraza ambapo mbwa wa nyumbani hulala. Na yeye aliyempakata Solo, nadhani, angelikuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Kuna kuachwa nje kwa namna ya pili, nako ni kwa watazamaji. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nakumbuka tukikaa chini ukumbini, watoto kwa watu wazima, seti moja kwa mtaa mzima, na mnyama akitokea tulipiga kelele kama vile ameingia mlangoni. Bara hapakuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka ambayo van Lawick aliishi Ndutu akiipelekea dunia picha za Serengeti, nchi yenye Serengeti haikuwa na kituo cha kuzirusha. Mtoto wa Chicago alimjua chui wa Ndutu kwa sura. Mtoto wa Kalemela alimjua ndovu kwa mahindi yaliyokanyagwa usiku, na baba yake hakuwa na namna ya kuona kile ambacho wageni walikuwa wakikiona, hata akataka kukipenda au kukikataa.

Haya hayakuwa makosa ya mtu mmoja, na sitaki yabebwe na kaburi moja la Ndutu. Lakini yana matokeo hadi leo. Katika miaka ya karibuni wakazi wa kata ya Nyatwali, wilaya ya Bunda, palepale kwenye mdomo wa ushoroba, wametakiwa kuihama ardhi yao kwa fidia ili wanyama wafike ziwani. Wako wanaosema ni lazima, kwa kuwa ukame unazidi na mito inapungua, na wako wanaosema fidia haitoshi ardhi wala makaburi. Nisichoweza kukikana ni kwamba dunia inayolisikia shauri hilo imekwisha kuona kwa miaka zaidi ya sitini picha za upande mmoja wa ukuta, nzuri mno, zilizopigwa na watu wenye subira ya kweli, na upande wa pili haijapata kuuona.

Mwaka 2014 zilipatikana katika ghala la National Geographic zaidi ya saa 100 za picha ambazo van Lawick alizipiga Gombe katika miaka ya 1960, mikanda ya milimita 16, ya rangi, isiyo na sauti. Brett Morgen aliitumia kutengeneza filamu iitwayo Jane, iliyotoka mwaka 2017 kwa muziki wa Philip Glass, miaka kumi na mitano baada ya aliyeipiga kufariki. Picha zile hazijachakaa. Majani ni mabichi, ziwa linametameta, msichana anaosha nywele kijitoni, na nyuma ya lenzi kuna kijana anayempenda.

Mtu akinipa kazi ya kuandika masimulizi ya Kiswahili kwa filamu moja ya van Lawick, Serengeti Symphony nitamrudishia, haihitaji. Nyingine yoyote nitaipokea. Nitaanzia mwezi wa Mei, msafara unapoelekea magharibi, na mahali ambapo Mwingereza amesoma habari za nyasi na mvua nitataja pia wanaokaa mkono wa kushoto wa nyumbu, kusini ya ushoroba, pamoja na ng'ombe wao waliochanjwa.